Utangulizi: Jeni na Akiba ya Mayai

Siku mtoto wa kike anapozaliwa, sehemu kubwa ya mayai yake imekwisha kufa. Akiwa bado tumboni, kufikia wiki ya 20 ya mimba, ovari zake mbili hubeba mayai machanga yapatayo milioni 6 hadi 7. Akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2. Akivunja ungo yamebaki laki 3 au 4, na katika miaka yote ya uzazi yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Mengine hunyauka mwezi baada ya mwezi, awe mjamzito, ananyonyesha au anameza vidonge vya majira. Akiba ikishuka hadi mayai elfu moja hivi, hedhi hukoma. Wanawake wengi hufika hapo wakikaribia umri wa miaka 50.

Kuna wanaofika mapema mno. Makadirio yaliyozoeleka yanasema mwanamke 1 kati ya 100 hupatwa na upungufu wa ovari kabla ya miaka 40, 1 kati ya 1,000 kabla ya 30, na 1 kati ya 10,000 kabla ya 20. Tafiti za karibuni zilizojumlisha takwimu za nchi nyingi zinaipandisha hesabu ya kwanza hadi zaidi ya 3 kati ya 100. Baadhi yao hawajawahi kuona hedhi hata mara moja. Wengine walikuwa na mzunguko wa kawaida, wakazaa mtoto mmoja, kisha siku zikaanza kuruka. Mlango haufungwi kabisa: kati ya 100 wenye tatizo hili, 5 hadi 10 hushika mimba bila msaada wowote, na daktari anayemwambia binti wa miaka 25 kwamba yamekwisha amesema zaidi ya anachokijua.

Sababu ni nyingi. Zipo dawa za saratani na mionzi, upasuaji wa ovari, na kinga ya mwili inayoshambulia ovari zenyewe. Utangulizi huu unahusu zile zinazorithiwa au kutokea katika jeni. Kwa msomaji mpya ushauri wangu ni mmoja: usianze kwa kukariri majina ya jeni. Yanapita 100 na yanaongezeka kila mwaka. Jiulize kwanza yai lilikwamia hatua gani ya maisha yake. Jeni nyingi hujipanga zenyewe ukishalijibu swali hilo.

Historia inaanza na wasichana wafupi. Mwaka 1938, huko Oklahoma, daktari Henry Turner alieleza kundi la wasichana wa kimo kidogo, wenye ngozi iliyokunjamana shingoni, ambao hawakubalehe. Miaka minne baadaye Fuller Albright na wenzake wa Boston waliwapima wagonjwa wa aina hiyo wakakuta homoni ya FSH, ile ambayo tezi ya ubongo huituma kuziamsha ovari, imepanda sana. Hapo ilijulikana kwamba ubongo unaita na ovari haziitikii. Mpaka leo kipimo hicho cha damu ndicho mlango wa kuingilia uchunguzi. Chanzo kilijulikana mwaka 1959, Charles Ford na wenzake wa Uingereza walipohesabu kromosomu za msichana mwenye hali ya Turner wakakuta 45 badala ya 46. Kromosomu moja ya X ilikosekana.

Hali ya Turner humpata mtoto 1 kati ya watoto wa kike 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai, na inafundisha jambo kubwa. Ovari zake huanza vizuri. Katika miezi ya kwanza ya mimba mayai yapo, kisha yanakufa kwa kasi ya kutisha. Mwanamke huzima X moja katika seli zake nyingi za mwili, kwa hiyo mtu angedhani moja inatosha. Yai halitosheki. Linazihitaji zote mbili zikifanya kazi, na linazihitaji zipate kukaa jozi wakati wa kugawanyika.

Kwenye X hiyohiyo iko jeni FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991, na kama ningeruhusiwa kufundisha jeni moja tu ningeichagua hii. Ndani yake kuna herufi tatu za DNA, CGG, zinazojirudia. Watu wengi wana marudio 30 hivi. Yakizidi 200, jeni huzimwa na mtoto hupata ugonjwa wa X dhaifu unaoathiri akili. Yakiwa kati ya 55 na 200, mtu ni mzima wa akili, lakini mwanamke 1 kati ya 5 wa kundi hili ovari zake huchoka kabla ya miaka 40. Mwanafunzi angetegemea kwamba marudio yakiwa mengi zaidi madhara yanazidi. Sivyo: wenye zaidi ya 200 hawana tatizo hili la ovari, na walio hatarini kuliko wote ni wale wa katikati, kati ya 70 na 100 hivi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jeni ya kundi la kati haijazimwa. Inafanya kazi kupita kiasi na kutoa RNA nyingi yenye sumu kwa seli.

Sumu hiyohiyo huonekana kwa wanaume wa ukoo. Babu mwenye marudio ya kati anaweza kuanza kutetemeka mikono na kuyumba anapotembea baada ya miaka 50. X yake, pamoja na marudio hayo, huwarithisha binti zake wote. Kwa hiyo mtetemo wa babu na hedhi iliyokatika ya binti yake vinaweza kuwa ugonjwa mmoja. Ukichora mti wa ukoo ukauliza upande wa mama peke yake, umeacha nusu ya ushahidi. Kwetu lawama za kukosa mtoto humwangukia mke, na shangazi wa mume hawakawii kuzitamka. Sayansi hii inasema mtoto wa kike anaweza kuwa amelipokea badiliko hilo kwa baba mzima kabisa, aliyezaa watoto sita.

Mfano mwingine wa badiliko linalotoka kwa baba ulianzia kwa kondoo. Huko New Zealand kulikuwa na ukoo wa kondoo ulioitwa Inverdale: jike mwenye nakala moja ya badiliko fulani alizaa mapacha mara kwa mara, mwenye nakala mbili alikuwa tasa, na ovari zake zilikuwa kama uzi. Mwaka 2000 jeni yake ilitambuliwa, BMP15, iliyoko kwenye X. Hutengeneza ujumbe ambao yai hupeleka kwa seli zinazolizunguka ili zikue. Mwaka 2004 watafiti wa Italia wakaeleza dada wawili waliokosa hedhi, wote wakiwa na badiliko kwenye jeni hiyo. Walilirithi kwa baba yao.

Kundi kubwa la jeni linahusu hatua ya mapema zaidi, pale yai changa linapopanga kromosomu zake jozi jozi na kuzikata na kuziunganisha upya ili kubadilishana vipande. Kazi hiyo hufanyika tumboni mwa mama, na yai lililoharibika hapo hujiua. Mwaka 2014 familia moja ya Kipalestina, ya wazazi waliokuwa na uhusiano wa damu, iliwaongoza watafiti kwenye jeni STAG3, sehemu ya mkanda unaozifunga kromosomu pamoja. Binti waliorithi nakala mbili mbovu hawakuwahi kuona hedhi. MCM8, MCM9, MSH4 na nyingine nyingi ni za kundi hilohilo la kukarabati DNA. Baadhi ya jeni hizi zikiharibika kwa kaka, naye hukosa mbegu. Wenzetu wa Pwani, Oman na Ghuba, ambako binamu huoana tangu zamani, wanapaswa kulielewa jambo hili bila hofu. Watoto wengi wa binamu ni wazima, ila badiliko adimu linalohitaji nakala mbili hupata nafasi zaidi ya kukutana na pacha wake.

Hatua ya mwisho ni yai lililopo lakini lisilosikia. Mwaka 1995 Kristiina Aittomäki na wenzake wa Finland walionyesha kwamba wanawake fulani wana kipokezi cha FSH kilichoharibika. Ovari zao zina mayai, ila amri ya kukua haiyafikii. Finland ina watu wengi wanaotokana na mababu wachache, na badiliko hilo moja lilienea humo.

Sasa nikutahadharishe kuhusu orodha zenyewe. Mwaka 2023 ulileta tafiti mbili kubwa zinazovutana. Nchini China, kati ya wanawake 1,030 wenye tatizo hili, karibu robo walipatikana na badiliko linaloweza kuwa chanzo. Nchini Uingereza watafiti walitazama jeni za wanawake zaidi ya laki moja wa kawaida, wakakuta mabadiliko mengi yaliyodaiwa kusababisha ugonjwa kwa nakala moja yamo kwa wanawake waliokoma hedhi kwa wakati wake. Mimi naegemea upande wa Waingereza kuhusu nakala moja. Kuhusu nakala mbili, ushahidi kwamba zinaleta ugonjwa ni mzito.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwetu. Waafrika ndio wenye mabadiliko mengi zaidi ya DNA duniani, lakini hifadhidata zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Badiliko linaloonekana adimu huko linaweza kuwa la kawaida huku. Mwaka 2016 ilibainika Marekani kwamba watu weusi walikuwa wameambiwa wana badiliko la hatari la ugonjwa wa misuli ya moyo, kumbe ni la kawaida kwa watu wa asili yao. Ovari hazina kinga dhidi ya kosa hilo. Tena katika Afrika kusini mwa Sahara, sababu kubwa ya wanawake kukosa mimba ni mirija iliyoziba kwa maambukizi, kwa hiyo anayekimbilia jeni kabla ya kuuliza historia ya maambukizi ameruka hatua.

Jibu la jeni halirudishi mayai. Linaeleza nani mwingine wa kupimwa. Dada mdogo mwenye marudio ya FMR1 bado anaweza kuhifadhi mayai yake, na mwenye hali ya Turner anahitaji moyo na mshipa wake mkuu kuangaliwa kabla ya kubeba mimba, hata kwa yai la mwanamke mwingine. Njia hiyo ya yai la kupewa ipo: mwaka 1984 madaktari wa Monash, Australia, walitangaza mimba ya mwanamke ambaye ovari zake zilikuwa zimeshindwa. Na karibu wote, wawe na jeni iliyojulikana au la, wanahitaji estrojeni mpaka karibu umri wa kawaida wa kukoma hedhi, kwa ajili ya mifupa na moyo. Tiba hiyo haingoji matokeo ya maabara.