Taa ya Mifuko ya Hewa Haizimwi kwa Hila: Namna Hitilafu ya Kiti cha Nyuma Inavyochunguzwa

Taa nyekundu yenye alama ya mtu aliyeketi, mbele yake pakiwa na duara, inapoendelea kuwaka kwenye dashibodi baada ya injini kuwashwa, gari humtaarifu dereva kwamba mfumo wa mifuko ya hewa una hitilafu. Chanzo chaweza kuwa kidogo, kama plagi iliyolegea chini ya kiti cha nyuma. Hata hivyo, taa hiyo haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa katika baadhi ya magari hitilafu ya mfuko mmoja huifanya kompyuta kusitisha sehemu ya mfumo au mfumo mzima.

Suala hili linawagusa wananchi wengi nchini Tanzania, ambako magari mengi madogo ya familia huagizwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Baadhi ya magari hayo yana mifuko ya hewa kwa ajili ya abiria wa nyuma, iliyofichwa ubavuni mwa kiti au kwenye ukingo wa paa juu ya milango. Kazi yake ni kumkinga abiria gari linapogongwa ubavuni. Mbele ya gari kuna injini na boneti zinazopunguza kishindo, lakini ubavuni abiria hutenganishwa na chombo kinachomgonga kwa unene wa mlango tu. Ndiyo maana mifuko ya ubavuni hulazimika kujaa ndani ya milisekunde 10 hadi 20.

Kasi hiyo hutegemea saketi ndogo ya umeme. Kihisi kilichofungwa kwenye nguzo au mlango wa gari hutambua kishindo na kuitaarifu kompyuta ya mifuko ya hewa. Kompyuta nayo hupeleka umeme kwenye kiwashi kilichomo ndani ya mfuko, na gesi huzalishwa mara moja. Kiwashi hicho huwa na ukinzani mdogo, kwa kawaida wa takriban omu 2. Muda wote swichi inapokuwa imewashwa, kompyuta huupima ukinzani huo kwa umeme hafifu usioweza kuulipua mfuko. Ukipanda kupita kiasi, hutafsiri kwamba waya umekatika au plagi imeachia. Ukishuka mno, hutafsiri kwamba kuna shoti. Katika hali zote mbili, huhifadhi namba ya hitilafu na kuwasha taa.

Kwa saketi ya nyuma, sehemu ya kwanza kushukiwa ni plagi na waya zinazopita chini ya kiti na kando ya zulia. Waya hizo, ambazo aghalabu hutambulika kwa plagi au mfuniko wa rangi ya njano, huvutwa kiti kinapokunjwa au kung'olewa, hubanwa na mizigo na wakati mwingine hutafunwa na panya. Maji yanayobaki chini ya zulia baada ya gari kuoshwa ndani huotesha kutu kwenye pini za plagi.

Uchunguzi sahihi hufuata utaratibu. Fundi huanza kwa kusoma namba ya hitilafu kwa mashine inayoweza kuwasiliana na kompyuta ya mifuko ya hewa, kisha huiandika kabla ya kuifuta. Si kila mashine inayosoma hitilafu za injini inaweza kufanya kazi hiyo. Namba hiyo hubainisha upande na aina ya hitilafu, lakini haithibitishi kwamba mfuko wenyewe ndio mbovu.

Kabla ya kugusa plagi yoyote, swichi huzimwa, waya wa hasi wa betri hufunguliwa, na fundi husubiri muda ulioelekezwa na mtengenezaji. Kwa magari mengi muda huo ni kati ya sekunde 90 na dakika 3. Sababu ni kwamba kompyuta huhifadhi akiba ya umeme ili mifuko ifanye kazi hata betri inapokatika katika ajali. Akiba hiyo yaweza kuulipua mfuko usoni pa fundi.

Baada ya hapo plagi hukaguliwa kwa macho. Ikiwa haina kasoro, mfuko hutenganishwa na mahali pake huwekwa kifaa maalumu cha majaribio chenye ukinzani unaolingana na wa kiwashi. Betri hurudishwa na kompyuta husomwa upya. Hitilafu ikitoweka, tatizo limo kwenye mfuko au plagi yake. Ikibaki, tatizo limo kwenye waya au kompyuta. Kupima mfuko moja kwa moja kwa mita ya kawaida ya umeme ni hatari, kwani umeme wa kipimo hicho waweza kuufyatua.

Kifaa hicho cha majaribio ndicho chanzo cha udanganyifu unaopaswa kuepukwa. Mtu asiye mwaminifu aweza kuacha rezista kwenye plagi na kuufungua mfuko moja kwa moja. Kompyuta huamini kwamba mfuko upo, taa huzimika, na mteja huondoka akiwa ameridhika, ilhali watoto wake walioketi nyuma hawana kinga. Wengine hung'oa balbu au kuiziba taa. Kwa hiyo, anayenunua gari lililotumika anashauriwa kuitazama dashibodi anapowasha swichi: taa ya mifuko ya hewa inapaswa kuwaka kwa sekunde chache, kisha izimike. Isipowaka kabisa, ni dalili kwamba taa yenyewe ni mbovu au imechezewa.

Mfuko ukithibitika kuwa mbovu, ubadilishwe kwa mpya unaolingana na gari husika. Mfuko uliotolewa kwenye gari chakavu hauna uhakika. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa kurekebishwa kutokana na mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani, ambayo kemikali yake ya kuzalisha gesi iliharibiwa na joto na unyevu wa muda mrefu. Kasoro ya aina hiyo haiwashi taa.

Wakati gari likisubiri matengenezo, kila abiria, wakiwemo wa nyuma, afunge mkanda, nao watoto waketi kwenye viti vinavyowafaa. Mwenye gari anapolichukua kwa fundi, ana haki ya kuuliza mambo matatu: namba ya hitilafu ilikuwa ipi, ni kifaa gani kilichorekebishwa, na kompyuta ilisomeka vipi baada ya kazi. Fundi aliyeitafuta hitilafu kwa utaratibu atakuwa na majibu ya maswali yote matatu.