Helmeti si ya polisi, ni ya kichwa chako

SIMAMA asubuhi kwenye steji yoyote ya bodaboda, iwe Busia, Thika au Likoni, uzihesabu helmeti. Moja imetundikwa kwenye usukani. Nyingine imevalishwa kiwiko cha mwendeshaji. Ya tatu iko kichwani, lakini ukanda wake unaning'inia. Ya abiria, mara nyingi, haipo kabisa. Polisi wakionekana huko mbele, zote hurudi vichwani upesi.

Hapo ndipo penye kosa. Helmeti imegeuzwa kuwa kitu cha kukwepa faini, na anayetafuta kitu cha kukwepa faini hununua kile cha bei rahisi kuliko vyote. Ni kweli kwamba Sheria ya Trafiki, baada ya marekebisho ya 2012, inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi za kuakisi mwanga. Lakini sheria haiwezi kukuchagulia helmeti dukani. Kazi hiyo ni yako.

Faida ya helmeti haikugunduliwa jana. Mnamo Mei 1935, T. E. Lawrence, ofisa Mwingereza aliyejipatia sifa Arabuni katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alianguka na pikipiki yake bila helmeti. Alifariki baada ya siku 6. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, mpasuaji wa ubongo Hugh Cairns, alianza kuchunguza vifo vya waendeshaji pikipiki, na mnamo 1941 akachapisha matokeo yake akihimiza matumizi ya helmeti. Mnamo 2008 watafiti wa shirika la Cochrane walijumlisha tafiti 61 wakakuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Tazama ndani, si rangi

Je, helmeti hufanya kazi vipi? Ganda la nje huzuia vitu vyenye ncha na kutawanya kishindo. Lakini mwokozi hasa amejificha ndani: ni povu gumu linalofanana na lile jeupe linalopakiwa na televisheni mpya. Kichwa kinapogonga barabara, povu hilo hubonyea na kumeza kishindo, na ubongo hupata nafasi ya kusimama polepole badala ya ghafla.

Kwa hivyo ukiwa dukani, inua sponji laini utazame chini yake. Usipokuta povu gumu, rudisha. Hiyo ni kofia tu, haina tofauti kubwa na ile ya mjengo.

Kumbuka pia kwamba povu likishabonyea halirudi lilivyokuwa. Helmeti iliyowahi kupata ajali imemaliza kazi yake hata kama ganda lingali linang'aa. Ndiyo maana kununua helmeti iliyotumika ni kucheza kamari, kwani hujui ilikotoka wala ilichogonga.

Alama zina maana gani?

Herufi E ndani ya duara, ikifuatwa na nambari ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano 1 ya Ujerumani au 3 ya Italia, huonyesha kwamba aina hiyo ya helmeti ilipimwa chini ya Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa. Katika toleo la 05 la kanuni hiyo, helmeti yenye kichwa bandia ndani yake hugongeshwa kwenye chuma kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuangushwa kutoka kimo cha karibu mita 3. Toleo la 06, lililoanza 2021, huongeza vipimo vya kishindo cha mshazari.

Alama ya DOT ni ya Marekani. Huko mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe, kisha serikali huchukua baadhi ya helmeti madukani na kuzipima. ISI ni alama ya India. Hapa kwetu, mwenye jukumu la viwango ni shirika la KEBS.

Hata hivyo, karatasi ya kubandika ni rahisi kughushi. Ichukue alama kama shahidi mmoja tu. Mashahidi wengine ni povu, ukanda imara na bizimu isiyofunguka ikivutwa.

Ikukae sawasawa

Chukua futi ya fundi cherehani, uzungushe kichwa juu kidogo ya nyusi, kisha ulinganishe sentimita hizo na zile zilizoandikwa ndani ya helmeti. Ivae. Ibane mashavu bila kuumiza. Funga ukanda mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Sasa ishike kwa nyuma uisukume kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, hiyo si yako.

Akina mama wanaoogopa jasho la abiria waliotangulia wanaweza kuvaa kitambaa chepesi ndani yake. Kilemba kinene au nywele zilizorundikwa utosini huinua helmeti ikakaa vibaya. Familia inayotumia pikipiki kila siku ni heri inunue yake. Na mtoto asivalishwe ya baba. Helmeti inayozunguka kichwani haimkingi; atafutiwe ya kipimo chake.

Isafishwe kwa sabuni na maji, kamwe si kwa petroli au thina, kwani hizo huharibu ganda na povu.

Na nyinyi mnaobaki nyumbani, kabla baba hajawasha pikipiki asubuhi, mtazameni chini ya kidevu. Ukanda ukiwa wazi, mwambieni aufunge. Tahadhari kabla ya hatari.