Dereva mpya wa lori Nyeri: abaki au ahame?

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, dereva mpya wa lori huanza kulipwa kwa ahadi. Mwenye gari humwambia mshahara utapanda akishazoea kazi, naye hukubali kwa kuwa leseni yake bado mbichi na hakuna kampuni kubwa itakayompa usukani. Miezi inapita, ahadi inabaki palepale, na kijana anaanza kuulizia kazi kwingine. Wengi hutazama mshahara peke yake wanapoamua, na hapo hesabu huharibika.

Kima cha chini cha mshahara kipo kisheria. Viwango vilivyoanza kutumika Novemba 1, 2024, vilipanda kwa asilimia 6, na jijini Nairobi dereva wa gari zito la biashara aliwekewa zaidi kidogo ya shilingi 36,000 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Lakini viwango hivyo vina safu tatu. Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu zilikuwa manispaa, kwa hiyo zimo katika safu ya pili, chini ya Nairobi. Naro Moru, iliyo Kieni, imo katika ya tatu. Basi madereva wawili wanaoshusha viazi alfajiri moja pale soko la Marikiti, Nairobi, wanaweza kulipwa tofauti, na sheria isivunjwe, kwa sababu tu lori la mmoja hulala Kieni. Kuna wenye magari wasiofikisha hata kiwango cha safu ya tatu. Dereva wa mtu kama huyo hana haja ya kunifuata kwa ushauri. Aanze kutafuta leo.

Wanaohitaji kufikiri zaidi ni wale wanaolipwa kiasi cha kusukuma mwezi. Kwao swali la kwanza ni kazi yenyewe inawafunza nini. Chukua magari ya majani chai yanayohudumia viwanda vya Chinga, Iriaini, Gathuthi na Ragati. Ndani ya bodi la lori mifuko ya majani hutundikwa kwenye ndoano, isilaliane, maana majani mabichi yakibanwa hupata joto na kuharibika kabla ya kufika kiwandani. Dereva hupita kituo kimoja baada ya kingine kwenye barabara za udongo zenye miteremko, akirudi kinyumenyume mahali ambapo tanboi anamwongoza kwa kugonga bodi kwa kiganja. Mvua za Machi hadi Mei zikishika, tope la Othaya humfundisha gia na breki kuliko shule yoyote ya udereva. Na kwa kuwa chai huchumwa mwaka mzima, mshahara hauna msimu. Ningemwambia dereva wa aina hii avumilie mwaka, hata kama jirani yake anajigamba na hela za viazi.

Hela za viazi zipo kweli, ila zina wakati wake. Lori la kutoka Kieni au Timau kwenda Nairobi mara nyingi hulipwa kwa safari. Wakati wa mavuno dereva hachoki kuhesabu, na shamba likikauka gari linaegeshwa naye anaegeshwa pamoja nalo. Kuna pia suala la uzito. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka gunia la kilo 50, lakini gunia lililojazwa hadi kutuna bado halijaisha barabarani. Anayeendelea hadi soko la Kongowea, Mombasa, anapita mizani ya Mlolongo na ya Mariakani, na gari likizidi uzito, wa kwanza kuulizwa ni aliyeshika usukani. Malori ya maua ya Nanyuki na Timau kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta yana nidhamu zaidi, lakini mlango wake hufunguka kwa mwenye rekodi safi. Miraa ya mji wa Maua, ambako gari hukimbizwa kama linafukuzwa, sitamshauri mwanagenzi aiguse.

Halafu kuna barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84 za njia mbili kila upande. Safari ya Nairobi ikiwa nyepesi, lori moja linaweza kwenda mara nyingi zaidi kwa wiki. Faida hiyo inamwendea nani? Dereva anayelipwa kwa safari huiona mfukoni. Wa mshahara wa mwezi huongezewa safari tu, na posho ya chakula inabaki ileile. Hapo ndipo pa kumkalia bosi mazungumzo kabla ya kufikiria kuondoka, tena kwa daftari lenye tarehe, mzigo na saa za kila safari. Daftari hilo litamwonyesha pia iwapo anavuka saa nane za kuendesha kwa siku, kikomo ambacho sheria ya trafiki imemwekea dereva wa gari la biashara.

Kwa mfano wa hesabu tu, si wa kima cha kisheria, tuseme dereva mmoja ana shilingi 22,000 za uhakika pamoja na posho ya 800 kwa safari kumi. Jumla ni 30,000. Mwingine anaahidiwa 3,500 kwa safari. Safari kumi zikitimia anapata 35,000; gari likikaa gereji wiki mbili na safari zikashuka hadi tano, ana 17,500. Swali la maana kwa mwajiri mpya ni hili: mwezi uliopita gari lako lilitembea mara ngapi? Akisita kujibu, dereva amekwisha jibiwa.

Makato nayo hula mshahara kimyakimya. Kioo kimepasuka, kreti mbili hazionekani, dizeli imepungua, vyote dereva analipa. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa uharibifu aliousababisha mfanyakazi kwa kusudi, na makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Jiwe lililorushwa na gari la mbele si kusudi la dereva. Mwajiri anayekata kila mwezi kwa mtindo huo analipa mshahara mdogo kuliko anaoutaja, na kubaki kwake ni kumkopesha.

Leseni ndiyo ngazi. Kutoka C1 ya lori dogo mtu hupanda hadi C, kisha CE ya trela, na kila daraja hutaka uzoefu wa daraja lililotangulia. Mwenye canta ya kusambaza soda na unga mjini, ambaye hana gari kubwa wala mpango wa kulinunua, hawezi kumpandisha dereva hata awe mwema namna gani. Hata hivyo trela si pepo. Kati ya 2019 na 2022, makontena yalipolazimishwa kupanda reli mpya, madereva wengi wa njia ya Mombasa walikosa mizigo.

Akiamua kuhama, dereva wa mshahara wa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28. Asiegeshe gari Ruring'u na kuzima simu, maana wenye magari wa Nyeri na Karatina wanajuana, na anakoenda watapiga simu alikotoka. Adai cheti cha utumishi, ambacho ni haki ya yeyote aliyefanya kazi angalau wiki nne mfululizo, na ahakikishe michango yake ya NSSF ilifika. Aliyekuwa akiitwa kibarua huku akiendesha gari lilelile miezi mfululizo asikubali kwamba hana haki hizo. Baada ya mwezi mmoja wa kazi isiyokatika sheria humhesabu kama wa mshahara wa mwezi. Mwajiri akigoma, ofisi ya kazi ipo Nyeri mjini, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo papo hapo.