Kemikali Katika Chakula Chetu (3): Wekundu wa Nyama

Nyama ya ng'ombe iliyochinjwa alfajiri na kutundikwa buchani huanza kugeuka rangi ya kahawia baada ya muda. Si lazima iwe imeharibika: protini yake iitwayo mayoglobini imebadilishwa tu na hewa. Lakini wengi wetu tunachagua nyama kwa macho, na muuzaji asiye mwaminifu analijua hilo.

Mwaka 2019 kituo kimoja cha televisheni nchini Kenya kiliripoti kuwa nyama ya baadhi ya supamaketi ilipakwa sodiamu metabaisalfaiti, unga mweupe wa jamii ya salfaiti ambao kwa kawaida hutumika kuhifadhi matunda makavu na mvinyo. Unga huo huirudishia nyama iliyochacha wekundu wake na kufifisha harufu. Sumu ambazo baadhi ya bakteria wamekwisha kuzizalisha hubaki palepale. Unga huo pia huharibu vitamini B1, na kwa baadhi ya wagonjwa wa pumu huweza kubana kifua ghafla.

Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO imeweka kiwango cha salfaiti kisichozidi miligramu 0.7 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 20, basi, asipitishe miligramu 14. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 450 kwa kilo katika aina chache tu za soseji na nyama ya baga. Gramu 50 za nyama yenye kiasi hicho zina miligramu 22.5. Sasa fikiria buchani, ambako hakuna anayepima.

Nitraiti ya soseji (E250) nayo huipa nyama rangi ya waridi, ila ina kazi ya haki: huzuia bakteria wa botulizimu, ambao sumu yao huua. Tatizo ni kwamba tumboni, au kwenye mafuta ya moto sana, huweza kuzaa nitrosamini zinazosababisha saratani. Mwaka 2015 shirika la WHO la utafiti wa saratani lilikadiria kuwa kila gramu 50 za nyama ya kusindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kwa maoni yangu, soseji isiwe kifungua kinywa cha mtoto cha kila siku, na ikiliwa isikaangwe mpaka ikaungua.

Juma lijalo: rangi za peremende na juisi.