Kivuli cha Msitu wa Kakamega

Sisi watu wa pwani twaijua malaria tangu utotoni. Nyanda za juu za Kakamega zilikuwa na kinga yake: ubaridi. Ubaridi huo uliletwa pia na miti, na miti imekatwa sana.

Watafiti waliokuwa Iguhu, kando ya msitu, walilea viluwiluwi vya mbu wa anofelesi katika vidimbwi. Chini ya kivuli kizito, kati ya kila 100 walipona 1 au 2 tu. Penye jua walipona zaidi ya nusu. Shimo la matofali, hata unyayo wa ng'ombe uliojaa maji, latosha.

Mwaka 2008 Yaw Afrane na wenzake walionyesha kuwa palipokatwa miti, vimelea hukomaa ndani ya mbu mapema kwa siku 1 hivi. Si jambo dogo, kwani mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa. Uwezo wa mbu kueneza ugonjwa ulizidi kwa asilimia 78 hivi, na waumiao zaidi ni watoto wachanga na waja wazito.

Tusiwasingizie kima na mbega. Malaria ya kima huwapata watu Malaysia, ambako nako misitu hufyekwa. Ya Kakamega hutoka kwa binadamu, ikapitia kwa mbu, ikamwingia binadamu mwenziwe.

Huko magharibi imeonekana pia kwamba majani ya nepia, chakula cha ng'ombe, yakiachwa yatie kivuli mitaroni, viluwiluwi hupungua.