Nyumbu Wengi, Chui Mmoja
Mchezo wa dadu wa kuchapisha nyumbani – Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tulimaliza kuchora karatasi ya mchezo wetu wa Serengeti: mraba mmoja mkubwa wenye vyumba 36, safuwima sita zilizopewa namba 1 hadi 6, na miti iliyochorwa kandokando ya safuwima ya 1 na ya 6. Leo wanyama wanaingia, na wataletwa na dadu mbili. Msomaji asiiruke sehemu hii kwa kuona ina hesabu, maana uhai wote wa mchezo umo humu.

Kanuni ni hizi. Mtu mmoja anarusha dadu, na wote waliokaa mezani, kuanzia bibi hadi mtoto wa darasa la tatu, wanautumia mrusho huohuo, kila mmoja kwenye karatasi yake. Hakuna anayekaa kungoja zamu. Jumla ya dadu mbili inamtaja mnyama: 6, 7 au 8 ni nyumbu; 5 au 9 ni swala tomi; 4 au 10 ni pundamilia; 3 au 11 ni simba; 2 au 12 ni chui. Halafu kila dadu peke yake inataja safuwima. Zikianguka 3 na 4, umepata nyumbu, na ni hiari yako kumwandika safuwima ya 3 au ya 4, katika chumba chochote kilicho wazi. Herufi moja inatosha: N, T kwa tomi, P, S na C. Safuwima zote mbili zikiwa zimejaa, mnyama huyo amekupita. Baada ya mirusho 20, kalamu chini.

Kwa nini nyumbu apewe jumla za katikati na chui apewe za pembeni? Chukua dadu moja nyekundu na nyingine nyeupe. Nyekundu ina nyuso sita, na kwa kila uso wake nyeupe inaweza kuonyesha nyuso zake sita, kwa hiyo matokeo ni 36. Jumla ya 12 hupatikana kwa njia moja tu, sita na sita. Jumla ya 11 ina njia mbili: nyekundu 5 na nyeupe 6, au nyekundu 6 na nyeupe 5. Hapa ndipo wengi hujikwaa, na si watoto peke yao. Leibniz, Mjerumani aliyekuwa mmoja wa waasisi wa kalkulasi, aliwahi kuandika kwamba 11 na 12 zina nafasi sawa. Hazina. Ndiyo maana nasisitiza rangi mbili tofauti, hasa mtoto anapojifunza kwa mara ya kwanza: akiona kwa macho yake kwamba nyekundu 5 si nyeupe 5, hahitaji mhadhara.

Ukiendelea kuhesabu hivyo utakuta nyumbu ana njia 16 kati ya 36, tomi 8, pundamilia 6, simba 4, na chui 2. Katika mirusho 20, tarajia nyumbu tisa hivi na simba wawili. Chui atatokea kama mara moja, na takriban mchezo mmoja katika kila mitatu utakwisha bila chui hata mmoja. Serengeti yenyewe haiko mbali na sura hiyo. Nyumbu wa huko wanapita milioni moja, simba ni maelfu machache, na chui wapo watalii wanaomaliza safari yao bila kumwona.

Sasa tazama jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika mchezo huu. Chui huja kwa moja-moja au sita-sita tu. Kwa hiyo hawezi kuandikwa popote isipokuwa safuwima ya 1 au ya 6, penye miti. Hatukuweka kanuni ya kumpeleka huko. Hesabu imempeleka yenyewe, na chui wa kweli wa bonde la Seronera, hukohuko Serengeti, hupenda miti ya kandokando ya mito. Simba naye huja kwa 1 na 2, au 5 na 6, basi hukaa pembeni, jirani na chui. Nyumbu huweza kuangukia safuwima yoyote. Safuwima za 3 na 4, uwanda wetu wa wazi, haziingiliwi kamwe na mla nyama. Mpe mtoto karatasi tupu na umwombe akuthibitishie hili kabla hujamweleza. Atalipata, na atalikumbuka.

Tuje kwenye alama. Wanyama wanagusana pale vyumba vyao vinapopakana upande kwa upande, pembe hazihesabiwi. Nyumbu huhesabiwa katika kundi lako kubwa kuliko yote lililoungana, alama moja kwa kila mmoja, na waliotengwa hawana kitu. Pundamilia anayemgusa nyumbu ana alama 2. Tomi anayewagusa nyumbu na pundamilia kwa pamoja ana 3. Kanuni hii ya malisho sikuitoa hewani: mwaka 1971 mtafiti Richard Bell alieleza jinsi wanyama hawa wanavyopokezana nyasi za Serengeti. Pundamilia hutangulia na kula mabua marefu na magumu, nyumbu akafuata na majani yaliyofunuliwa, kisha tomi, mwenye mdomo mdogo, akachagua machipukizi ya chini. Simba anayegusa aina mbili za wanyama wala majani ana 4. Chui ana 6, kwa masharti mawili: amguse tomi, windo lake kubwa katika nyanda hizo, na asiguswe na simba, ambaye humpora chakula na hata kumuua.

Hapo fumbo linaanza kubana. Dadu zimeangukia 1 na 4: tomi. Umweke safuwima ya 4, katikati ya makundi, ambako alama zake 3 ziko karibu? Au umpeleke safuwima ya 1 akamngoje chui? Mchezo ukiwa mwanzoni kabisa, uwezekano wa moja-moja kutokea walau mara moja katika mirusho 20 ni kama asilimia 43, yaani haufiki nusu. Mirusho ikibaki mitano ni kama asilimia 13. Mtoto wa miaka minane hazijui asilimia hizo, lakini baada ya michezo michache anaanza kuhisi kwamba muda wa kumngoja chui unayoyoma, na hisia hiyo ndiyo mzizi wa somo la uwezekano.

Mchezo unaobandika picha za wanyama juu ya kanuni zisizowahusu hauna faida kubwa kwa familia. Mfano mzuri wa njia iliyo bora ni Cascadia, mchezo wa mezani wa Mmarekani Randy Flynn uliotoka 2021 na kushinda tuzo ya Ujerumani ya Spiel des Jahres mwaka 2022. Humo samoni hupata alama wakipangwa mstari kama wanavyopanda mto, na mwewe hupata alama akiwa mbali na mwenzake. Anayeucheza anajifunza tabia ya mnyama bila kusomewa.

Kuhusu uchapishaji, karatasi moja ya A4 nyeusi na nyeupe kwa kila mchezaji inatosha. Asiye na printa aende steshenari ya jirani. Ukiiingiza karatasi katika mfuko wa plastiki wa faili na kutumia kalamu ya ubao mweupe, utaifuta na kuitumia tena. Dadu za ludo zinafaa. Ukitengeneza za manila, kumbuka kwamba nyuso zinazotazamana zijumlishe 7, na vipande vya gundi visilundikane upande mmoja, maana uzito huo huielemeza dadu. Ijaribu kwa kuirusha mara 60. Kila uso ungetokea kama mara 10. Ukipata 7 au 14 usihangaike, lakini uso mmoja ukitokea mara 20, kata manila nyingine.

Zipo nyumba ambazo dadu hazikaribishwi kwa sababu ya dini au kwa kuhofia kamari, na msimamo huo una haki ya kuheshimiwa. Anayeona tatizo ni dadu yenyewe achukue makopo mawili, kila moja na vikaratasi sita vyenye namba 1 hadi 6, avute kimoja kutoka kila kopo na kuvirudisha. Hesabu haibadiliki hata kidogo.

Chezeni wiki hii kwa kanuni hizi bila kuongeza kitu, na mtunze karatasi zenu zilizojazwa. Katika sehemu ya nne tutapitisha Mto Mara kati ya safumlalo ya tatu na ya nne, tuone nyumbu watavushwaje, na mamba apewe jumla ipi ilhali zote zimekwisha gawiwa.