Asali Isiyochuruzika

Asali ni dawa ya kidonda yenye tabia moja mbaya: haitulii. Joto la mwili huilegeza, majimaji ya kidonda huizimua, na kabla ya jioni sehemu kubwa imehamia kwenye shashi na shuka. Muuguzi hulazimika kufungua na kupaka upya, na kila anapofungua huchubua ngozi changa iliyokuwa ikianza kuota. Watafiti wa polima asilia wamelivalia njuga tatizo hilo la kuituliza dawa ya nyuki mahali pake.

Kwamba asali inatibu, ubishi umepungua, ingawa haitibu kila jeraha. Papirasi ya Edwin Smith, hati ya tiba ya Misri ya takribani mwaka 1600 KK, inaagiza majeraha yafungwe kwa asali, mafuta na nyuzi za kitani. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba majeraha ya moto ambayo hayajaunguza ngozi yote hupona siku nne hadi tano mapema yakifungwa kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na udhaifu wa mishipa, faida hiyo haikuonekana.

Inafanyaje kazi? Sukari yake nyingi hufyonza maji ambayo bakteria wanayahitaji. Asidi yake huwasumbua. Tena kuna kimeng'enya ambacho nyuki mwenyewe hukitia: asali ikizimuliwa kidogo, kimeng'enya hicho hutoa haidrojeni peroksaidi polepole, kwa kiasi ambacho hakiunguzi nyama. Asali ya manuka ya New Zealand ina silaha ya ziada, methiliglioksali, ambayo kundi la Thomas Henle wa Dresden, Ujerumani, liliitambua mwaka 2008.

Mzinga una vitu vikali zaidi ya asali, na navyo vina masharti yake. Propolisi, ile gundi ya nyuki inayoziba nyufa za mzinga, imejaa flavonoidi zinazopambana na vijidudu, lakini haiyeyuki vizuri katika maji, na kidonda ni mahali pa majimaji. Sumu ya nyuki nayo ina melitini, ambayo ni karibu nusu ya uzito wake ikikaushwa. Melitini hutoboa utando wa bakteria. Kwa bahati mbaya hutoboa vilevile seli nyekundu za damu, hivyo kipimo kikizidi, dawa inageuka mshambuliaji.

Kinachotakiwa basi ni kifungashio kinachotoa dawa kidogo kidogo, na hapo ndipo kitosani inapofaa. Polima hii hutengenezwa kwa kitini ya maganda ya kamba na kaa, na imejulikana tangu Charles Rouget wa Ufaransa alipoieleza mwaka 1859. Ikiyeyushwa katika asidi hafifu kama siki, minyororo yake hubeba chaji chanya. Uso wa bakteria una chaji hasi, na wa seli nyekundu za damu pia, kwa hiyo kitosani huwanasa wale na kusaidia damu kuganda. Wanajeshi wa Marekani walibeba bandeji zake Iraq na Afghanistan kwa sababu hiyo hiyo.

Kuigeuza kuwa chembe za nano hakuhitaji tanuri. Dawa huchanganywa na kitosani iliyoyeyushwa, kisha hudondoshewa tripolifosfeti yenye chaji hasi. Minyororo hujikunja na kuifungia dawa ndani. Chembe zinazopatikana kwa kawaida hazizidi nanometa mia chache, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takribani nanometa 80,000. Propolisi iliyofungwa hivyo huelea katika maji bila kugandamana, na hutoka kadiri polima inavyovimba na kumeng'enyeka.

Njia nyingine ni kufuma. Katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo, Wessam Sarhan, Hassan Azzazy na wenzao wamesokota asali, kitosani na polivinili alkoholi kuwa nyuzi za nano, wakitumia umeme wa volti nyingi kuvuta mchanganyiko kutoka kwenye ncha ya sindano. Mwaka 2017 waliripoti nyuzi zilizobebeshwa sumu ya nyuki, propolisi na hata bakteriofaji, yaani virusi wanaoshambulia bakteria. Ukweli ni kwamba hapa nano ni uzi, si chembe; ila shabaha ni moja.

Kutoka maabara hadi wodini ni mbali. Marekani iliruhusu bandeji ya asali ya manuka mwaka 2007, lakini hiyo ni asali ndani ya alijineti ya mwani wa kahawia, bila nano yoyote. Asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gamma, kwa kuwa asali ya jikoni huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na moto wa kuziua ungeharibu kimeng'enya. Mwenye donda ndugu la kisukari asijipake ya chupa akaacha kliniki.

Propolisi ndiyo itakayowatoa watengenezaji jasho. Nyuki wa Ulaya huikusanya zaidi kwenye machipukizi ya mipopla, wa Brazili kwenye kichaka cha Baccharis, na wa miombo ya Tabora wana miti yao. Kemikali hubadilika na mti, pengine na msimu. Kiwanda kinachotaka bandeji zinazofanana italazimu kipime kila shehena kabla haijaingia kwenye kitosani, na baadhi ya wagonjwa watakuwa na mzio wa propolisi hata hivyo.